Saa Moja ya Mwisho ya Ng'ombe

Hotuba kwa wachinjaji, wenye mabucha, wakulima wa mboga na wakazi wa bondeni, Wiki ya Maji, Dar es Salaam

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Ninyi wenzangu wa machinjioni mliotoka kazini alfajiri hii mkaja moja kwa moja bila kulala, poleni na kazi, na ahsanteni sana. Naona wengine bado mna buti miguuni.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie athari za uzalishaji wa nyama kwa vyanzo vya maji. Nitayasema ninayoyajua, na mengi niliyajulia machinjioni. Nimekuwa mkaguzi wa nyama kwa miaka 27 hadi nilipostaafu. Miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa kutazama juu, kwenye ndoano. Ini, mapafu, moyo, tezi za shingoni. Nikikuta minyoo kwenye ini, nalikata. Nikikuta dalili za kifua kikuu, mzoga unazuiwa. Nikiridhika, napiga muhuri, nyama inapanda kwenye gari kwenda bucha. Sakafuni, ambako damu na mavi na maji vilikuwa vinakwenda usiku kucha, sikutazama. Sakafu haikuwamo kwenye fomu yangu. Leo nimekuja kuzungumzia sakafu.

Lakini kwanza tuitengeneze namba moja ambayo vijana wengi hapa mmeisoma kwenye simu zenu, kwamba kilo moja ya nyama ya ng'ombe inakula lita 15,000 za maji. Kijana mmoja aliniuliza pale mlangoni kama ni kweli. Ni kweli, ila inataka kuelezwa.

Hesabu hiyo inatoka Uholanzi. Profesa Arjen Hoekstra, aliyefariki mwaka 2019, ndiye aliyeleta mwaka 2002 wazo la kupima unyayo wa maji wa kila kitu tunachokula na kuvaa, yaani maji yote yanayotumika kukizalisha. Baadaye yeye na mwenzake Mesfin Mekonnen wakakokotoa kwamba kwa wastani wa dunia nzima kilo ya nyama ya ng'ombe imebeba lita 15,400. Kuku, lita 4,300. Maharage na jamii ya kunde, karibu lita 4,000. Nafaka, 1,600. Mboga, kama 300. Watu wengi huishia hapo, wakashtuka, wakageuza ukurasa. Hoekstra mwenyewe hakuishia hapo. Aliyagawa maji kwa rangi tatu. Ya kijani ni mvua iliyonyesha porini, ikaingia ardhini, majani yakainywa. Ya bluu ni ya mto, ziwa, kisima na bomba. Ya kijivu ni yale yanayohitajika kuuzimua uchafu hadi uwe umerudi katika kiwango kinachokubalika. Kati ya zile lita 15,400, zaidi ya 14,000 ni za kijani. Ni mvua.

Sasa mchukueni ng'ombe wetu, huyu wa nundu, anayetoka Shinyanga au Singida. Amekula nyasi zilizoota kwa mvua mahali ambapo pengine hata mtama ungesumbua kuota. Kwa siku anakunywa wastani wa lita 25. Akiishi miaka minne, amekunywa lita 36,500. Akifika hapa, amekonda njiani, mzoga wake una kilo 120 hivi. Gawanyeni wenyewe: ni kama lita 300 za kunywa kwa kila kilo ya nyama. Zilizobaki ni majani, na majani hayo ni mvua ambayo isingekuja Dar es Salaam kwa njia yoyote ile, ng'ombe awepo asiwepo.

Naomba tulielewe hili vizuri kwa sababu limeshaumiza watu. Mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu ulikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu hapo ukawa unakatika mwaka baada ya mwaka. Viboko walibanana kwenye madimbwi. Mto huo ndio unaolisha bwawa la Mtera na mitambo ya Kidatu, kwa hiyo ukikatika, hata huku mjini tunakaa gizani, na mwaka 2006 tulikaa gizani kweli. Kidole kikanyooshwa kwa mfugaji wa Usangu, bonde ambako mto huo unatokea. Kuanzia mwaka 2006 wafugaji wakaamriwa kutoka, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu kuelekea Lindi na Rufiji, wengi wakafia njiani, na mwaka 2008 ardhi oevu ya Ihefu, iliyoko huko Usangu, ikaingizwa hifadhini.

Mimi si mtaalamu wa mito, lakini kugawanya najua. Wapeni Usangu ng'ombe 300,000, wote wanywe lita 25 kwa siku. Ni lita milioni saba na nusu. Zinatisha zikisemwa hivyo. Sasa igawanyeni siku kwa sekunde zake 86,400: ni lita 87 kwa sekunde. Mfereji mkuu mmoja wa shamba kubwa la mpunga huweza kuvuta maelfu ya lita kwa sekunde. Watafiti waliopima maji ya Usangu walilisema hilo hata kabla ng'ombe hawajaondolewa. Ng'ombe waliondoka, na mto uliendelea kukauka.

Simwondolei mfugaji lake. Makundi makubwa yakinywea pamoja kwenye chemchemi, kwato hupondaponda ukingo, udongo unaingia, na lambo lililochimbwa kwa jasho la kijiji linajaa tope kabla ya wakati wake. Nimeona lambo ambalo ng'ombe walilazimika kuingia hadi tumboni kutafuta maji katikati ya matope, na wanawake wakisubiri watoke ili nao wachote. Birika la kunyweshea lililojengwa pembeni, maji yakiletwa kwa bomba, linamaliza sehemu kubwa ya tatizo hilo, na wafugaji wanalijua kuliko mimi. Wanachokosa ni bomba.

Kuna nchi ambako ng'ombe kweli anakunywa mto. Magharibi mwa Marekani, Mto Colorado unategemewa na watu wapatao milioni 40, na kwa miongo mingi sasa, isipokuwa mara chache, haufiki baharini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba asilimia 46 ya maji yote ambayo binadamu hutumia moja kwa moja kutoka mto huo huenda kumwagilia malisho ya ng'ombe, hasa majani yaitwayo alfalfa. Hayo ndiyo maji ya bluu ninayoyasema. Saudi Arabia nayo ilinyonya maji ya kale yaliyokuwa chini ya jangwa ili kulima majani hayo hayo, mpaka serikali yenyewe ikapiga marufuku kilimo hicho, na kampuni za huko zikaenda kulima na kununua majani nje, hata Arizona, penye shida ya maji kama kwao. Kwa hiyo mtu akisema nyama inamaliza maji, muulizeni: nyama ya wapi, na maji yepi?

Ya kwetu sisi nitawaambia ni yepi. Miaka yake minne ng'ombe wetu anaishi kwa mvua. Saa yake moja ya mwisho anaishi kwa maji yetu.

Wenzangu mnajua safari yake. Anashushwa mnadani Pugu, anauzwa, anakuja mjini. Na vilima hivyo hivyo vya Pugu ndiko unakoanzia Mto Msimbazi, unaoteremka katikati ya jiji, unapita Jangwani, unaingia baharini pale daraja la Selander. Ng'ombe na mto wanatoka upande mmoja, wanakutana tena huku chini.

Nitawaeleza usiku mmoja kama ulivyokuwa machinjioni nilikoanzia kazi. Siitaji jina, kwa sababu mengine niliyofanyia kazi baadaye hayakuwa na tofauti kubwa, na wapo hapa watu waliojitahidi sana kuyabadilisha.

Saa nane usiku kazi inaanza. Mwanga ni taa mbili. Sakafu ni ya saruji, ina mteremko kuelekea mfereji wa wazi, na mfereji unatoka ukutani kwenye tundu lililotobolewa kwa nyundo. Ng'ombe anaangushwa, mchinjaji anataja jina la Mungu, kisu kinapita. Damu inatoka kwa nguvu ikiwa na mvuke, maana usiku una ubaridi na damu ni ya moto. Inafika mfereji, inapita tunduni. Anafuata mwingine. Tumbo linapasuliwa pale pale chini: kilo 30 hivi za majani yaliyosagika, ya kijani kama mlenda. Nayo yanasukumwa na maji kwenda tunduni. Yakikwama, kijana anayasokomeza kwa fimbo.

Na pembeni kuna mpira wa maji. Hauna kichwa cha kufungia. Umelala sakafuni unatoa maji kuanzia saa nane mpaka kumi na mbili asubuhi, uwe unaosha kitu au hauoshi. Usiku mmoja nilichukua ndoo ya lita 20 na saa yangu ya mkononi nikaupima. Ndoo ilijaa kwa dakika moja na sekunde kumi. Ni lita elfu moja kwa saa. Kwa usiku mzima, madumu 200 na zaidi, kutoka mpira mmoja, na sisi tulikuwa na mipira mitatu. Hatua kama themanini kutoka pale, nje ya ukuta, akina mama walikuwa wameshapanga madumu yao kwenye foleni ya kioski tangu saa kumi alfajiri.

Kulipokuwa kukipambazuka, nilitoka nje siku moja kupunga upepo, nikazunguka nyuma ya jengo. Sikuwahi kwenda nyuma ya jengo. Nililiona lile tundu kwa upande wa pili. Ukuta chini yake ulikuwa mweusi, damu juu ya damu ya miaka. Mfereji uliteremka bondeni, na ulipofika mtoni maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, kisha yenye povu, kisha, mita kama mia moja chini, yalikuwa meusi na kunuka yai viza. Hapo hapo kwenye meusi palikuwa na mzee anachota kwa keni, anamwagilia matuta ya mchicha. Nilimsalimia. Akaniuliza, kwa upole kabisa: "Leo mmechinja wengi, mama?" Alikuwa anajua idadi yetu kwa rangi ya mto.

Kwa nini maji yanakuwa meusi? Uchafu wa namna hii tunaupima kwa hewa. Damu ni chakula. Ikiingia mtoni, bakteria huifurahia, huongezeka, na katika kuila hutumia oksijeni iliyomo majini. Oksijeni ikiisha, samaki na wadudu wa majini hufa, na wanabaki bakteria wasiohitaji hewa, ambao ndio wanaotoa ile harufu ya yai viza. Majitaka ya vyooni na majikoni kwetu, lita moja huhitaji kama miligramu 300 za oksijeni. Kanuni zetu za ubora wa maji za mwaka 2007 zinasema maji unayoyaachia mtoni yasizidi miligramu 30. Damu ya ng'ombe, lita moja, inahitaji kama 150,000.

Narudia, kwa sababu mara ya kwanza kuisoma nilidhani ni kosa la uchapaji. Thelathini ndiyo sheria. Laki moja na nusu ndiyo damu. Lita moja ya damu inahitaji lita 5,000 za maji safi ili ifikie kiwango cha sheria. Ng'ombe mmoja hutoa lita kumi hivi. Lita kumi mara 5,000 ni lita 50,000.

Ng'ombe huyu maisha yake yote, kuanzia ndama hadi mnadani, amekunywa lita 36,500. Damu yake peke yake, ikimwagwa, inaharibu maji mengi kuliko aliyokunywa tangu azaliwe. Na bado sijayahesabu majani ya tumboni, wala maji ya kuoshea utumbo, wala mafuta, wala chumvi ya ngozi. Mfugaji wa Meatu hayupo pale. Tupo sisi: mchinjaji, mkaguzi, mwenye bucha, na kila aliyeamka asubuhi akanywa supu.

Wengine watasema mto huo haunywewi. Kweli, Msimbazi haunywewi. Lakini maji hufuata mkondo wake, na mikondo mingine iko chini ya ardhi. Mitaa mingi ya jiji hili ina visima, na vingi ni vifupi. Mavi na damu vikioza hutoa nitrojeni, nitrojeni hugeuka kuwa naitreti, na naitreti huzama na maji hadi kisimani bila rangi wala harufu. Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa kwa maji hayo, maana huizuia damu ya mtoto kubeba oksijeni. Ukichemsha maji haiondoki. Hilo naomba akina mama mlishike: kuchemsha kunaua vijidudu, naitreti kunaiacha pale pale.

Na vijidudu navyo vina habari yake. Nataka niwapeleke mbali kidogo, Kanada, kwenye mji mdogo wa Walkerton, jimbo la Ontario. Watu hawakufika 5,000. Mji wa wafugaji, una maji ya bomba, una watumishi wa maji. Mwezi Mei mwaka 2000 ilinyesha mvua kubwa. Karibu na kisima kimoja cha mji, kisima namba 5, kifupi, kulikuwa na shamba la ng'ombe lililokuwa limewekwa samadi. Mvua ikaichukua samadi ikaipeleka kisimani. Ndani yake kulikuwa na E. koli, bakteria wa utumboni, wa aina kali, yule wa O157. Klorini iliyotakiwa kuwaua ilikuwa haitoshi, na wahusika walikuwa na mazoea ya kuandika kwenye daftari vipimo ambavyo hawakuvipima. Watu wakaanza kuharisha damu. Ofisi ya maji ilipoulizwa, jibu likawa maji ni salama. Watu 2,300 hivi waliugua, karibu nusu ya mji. Saba walifariki.

Kilichonigusa zaidi kimo kwenye taarifa ya tume iliyoongozwa na Jaji Dennis O'Connor. Tume ilimtazama mwenye lile shamba la ng'ombe, ikakuta hakufanya kosa. Samadi aliiweka kwa wakati, kwa utaratibu unaokubalika. Hakuvunja sheria. Kosa lilikuwa kwa waliochimba kisima kifupi mahali pale miaka ya nyuma, na kwa waliojaza daftari, na kwa waliotakiwa kukagua daftari. Nilipoisoma nilikumbuka daftari langu. Miaka 27 ya mizoga iliyokaguliwa vizuri, na hakuna ukurasa hata mmoja wenye neno mfereji.

Basi tufanye nini. Nimeona mipango mikubwa ikiandikwa: mtambo wa kusafisha majitaka, mabwawa, mabomba mapya. Naiunga mkono yote. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka shughuli zikae mita 60 kutoka ukingo wa mto, na machinjio ya kisasa yanaweza kuitii. Lakini nimeona pia mtambo mzuri ukizibwa na majani ya tumboni ndani ya mwezi mmoja, kwa sababu sakafuni hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo naanzia sakafuni.

Damu ikingwe. Ng'ombe akining'inizwa kabla ya kutolewa damu, beseni linakaa chini yake, na dakika chache za mwanzo zinatoa sehemu kubwa ya damu yote. Kwa wale wanaochinja chini, sakafu ijengewe kijito chake cha damu peke yake, kiishie kwenye pipa, kisichanganyike na maji. Damu ikichemshwa huganda, ukiikamua na kuianika na kuisaga unapata unga wa damu, ambao kwa sehemu kubwa ni protini. Watengenezaji wa chakula cha kuku wanaujua na wanaununua. Tunachokimwaga kina bei.

Majani ya tumboni yazolewe makavu. Koleo kwanza, maji baadaye. Ukiyazoa kwa koleo ni mbolea. Ukiyasukuma kwa maji ni majitaka, na hakuna atakayeweza kuyatenganisha tena kwa gharama tunayoimudu. Vivyo hivyo sakafu yote: ikwangue, izoe, ndipo uioshe. Na mpira uwe na kichwa. Kichwa cha mpira kinauzwa duka la vifaa vya bomba.

Kuna waliokwisha kwenda mbele. Kiserian, Kajiado, jirani tu na Nairobi, kuna machinjio ya Keekonyokie, ya Wamasai wenyewe. Walikuwa na taabu yetu hii hii ya damu na mavi. Wakajenga mtambo wa biogesi chini ya ardhi, taka za machinjio zikaingia humo, gesi ikatoka, wakaitumia, na wakafika hadi kujaribu kuijaza kwenye mitungi. Wafugaji ndio waliofanya hivyo, watu wale wale ambao huku kwetu tukikosa maji huwa tunawatafuta wa kwanza.

Akina mama wa utumbo, nimewaona mko nyuma kule. Najua mnadhani hotuba hii itaishia kwenu, kwa sababu ninyi ndio mnaoonekana mtoni. Haitaishia kwenu. Mnaosha utumbo mtoni kwa kuwa machinjio hayajawajengea karo. Karo nne za saruji ndani ya ukuta, zenye bomba na mfereji unaokwenda kwenye shimo la taka, zingewatoa mtoni kesho. Nimemwambia mwenyekiti hivyo, na nalisema mbele yake.

Kwa wakubwa wetu wa afya na mifugo nina ombi moja. Fomu ya mkaguzi wa nyama iongezewe mstari: damu imekingwa, ndiyo au hapana. Mkaguzi akiandika hapana siku tatu mfululizo, kazi isimame mpaka pipa lipatikane. Kijana anayeanza kazi leo asingoje miaka 27 kuzunguka nyuma ya jengo.

Dada mmoja aliuliza kwenye karatasi kama tuache kula nyama. Mimi ninakula, na sitamwambia mtu wa Kishapu mwenye ng'ombe sita kwamba nyama ni dhambi kwa mazingira. Mmarekani wa kawaida hula zaidi ya kilo 100 za nyama kwa mwaka, Mtanzania hafiki robo ya hiyo. Lakini sisi wa mjini tunaokula nyama choma jioni nne kwa wiki tunajijua. Jioni mbili kati ya hizo zikiwa za maharage na mchicha, mzigo unapungua kwa mto na kwa mishipa yetu ya moyo pia. Mchicha wenyewe nao utakuwa salama zaidi.

Yule mzee wa keni nilirudi kumtafuta nilipostaafu. Matuta yapo, yanalimwa na mjukuu wake. Kijana huyo yupo hapa ukumbini, amekaa safu ya tatu, na amekuja na chupa mbili za maji ya mto. Moja aliichota jana jioni kabla hamjaanza kazi, nyingine leo saa moja asubuhi. Zitapitishwa mzione, naomba msizifungue humu ndani.

Nje, kwenye kirikuu cheupe, kuna koleo 12, mapipa sita yenye mifuniko na vichwa 10 vya mipira. Vimenunuliwa kwa michango ya wenye mabucha wanane ambao hawakutaka majina yao yasomwe. Vinatosha machinjio mawili kwa kuanzia. Kazi ya usiku huu inaanza saa nane kama kawaida. Nitakuwa pale saa saba na nusu, na buti zangu.